Vumbi Lisilo na Kuku

Mimi simwamini mtu anayeomba kitu kisicho na thamani. Akija mtu kukuomba kuni, unajua anakwenda kupika. Akikuomba jembe, unajua ana shamba linamsubiri. Lakini akija kukuomba takataka zako, tena kwa adabu, tena azitie kwenye mfuko safi na kuandika jina lako juu yake, kaa chonjo. Ndivyo tulivyolelewa Matongo, na ukubwani sijaona sababu ya kubadilika. Cha kuchekesha ni kwamba kwa miaka hii ya karibuni nimekula ugali kwa kazi hiyo hiyo. Nilikuwa nazunguka na pikipiki kutoka Mugumu, mara Machochwe, mara Ringwani, nikiomba watu vumbi.

Vumbi la banda la kuku. Nieleze mapema, maana hata mke wangu mwanzoni alidhani naficha kazi yangu ya kweli. Zamani ukitaka kujua kama kuku wa banda fulani wana virusi, ulikamata mmoja mmoja ukamtoboa chini ya bawa na kuvuta damu. Kuku anapiga kelele, mwenye kuku naye anapiga kelele. Siku hizi kuna njia ya kistaarabu. Kuku akijikung'uta, manyoya yake hutoa unga mwepesi, na kama ana virusi mwilini, vinatoka pamoja na ule unga. Unaelea hewani, unatua popote. Basi wewe unatundika vifuniko vya plastiki kwa waya, juu, kuku wasikofika, unaviacha siku kadhaa vishike vumbi. Ukirudi unakwangua, unatia kwenye kichupa, kinapelekwa maabara. Vumbi la kujaa kijiko linatoa habari za banda zima. Nilipofundishwa hayo niliyapenda papo hapo, kwa sababu sipendi kushikana na kuku.

Ugonjwa tuliokuwa tunauwinda zaidi ni ule wa kupooza. Wataalamu wanauita mareksi, watu wa Ringwani wanasema tu kuku kaishiwa miguu. Kuku analala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, utadhani alikuwa anaruka mtaro akakwama katikati. Dawa yake hakuna. Chanjo ipo, anachomwa kifaranga akiwa wa siku moja, lakini nayo haina mwisho mzuri sana: inamkinga kuku asife, haimzuii kubeba. Unaweza kuwa na kuku wakubwa, wazima, wanataga vizuri, kumbe banda limejaa virusi. Akiingia kifaranga mgeni akalivuta lile vumbi, imekwisha. Ndiyo maana tulikuwa tunawaambia wafugaji wasilete vifaranga wapya kwenye banda la zamani mpaka tumepima vumbi na kuwapa jibu.

Dada yangu alikuwa mmoja wa wafugaji hao. Ni dada wa tumbo moja, mkubwa wangu, ameolewa Ringwani. Aliyemwoa ni mwanamke, bibi mmoja aliyekosa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe akaoa ili mji wake usife. Kwetu Wakurya hiyo ni nyumba ntobu na hakuna anayeishangaa. Watoto aliowazaa dada ni wa mji wa yule bibi, mashamba ni ya bibi, ng'ombe ni wa bibi. Kitu cha dada kilikuwa kimoja, banda la kuku wa mayai nyuma ya jiko, na ufunguo wa kufuli lake aliuvaa shingoni. Tena mwaka huo alikuwa ameuza mtamba wake, ng'ombe pekee aliyewahi kuitwa wake, ili anunue vifaranga wengi na kupanua ufugaji. Bibi alimwambia mbele yangu, bila kupepesa macho, kwamba mtu anayebadilisha ng'ombe kwa ndege hana akili, na vifaranga hao wakifa asije akatia mguu kwenye zizi lake kuomba chochote. Kwa hiyo unaelewa. Kwa dada, vifaranga hao hawakuwa kitoweo. Wakipona, angekuwa mtu pale mjini. Wakifa, angebaki kuwa yule aliyeolewa azae.

Nilipofika mara ya kwanza na vifuniko vyangu kwenye vifuko vya kuandikwa jina, bibi alikuwa amekaa nje ya nyumba yake anachambua ulezi. Nikampa shikamoo. Akaiitikia marahaba yake, akaniuliza nimebeba nini. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia dada akaongea naye kwa Kikurya, kana kwamba mimi sikijui. Alisema kuku wana mayai, wana nyama, wana manyoya, hata mavi yao yanafaa shambani. Huyu mdogo wako hataki hata kimoja, anataka vumbi. Alisema vumbi la mji ni nyayo za watu wa mji, na mtu asiyelala hapo akiondoka nalo, anaondoka na watu. Moyoni nikasema, haki ya Mungu, ningekuwa mimi ningeuliza vivyo hivyo. Lakini kazi ni kazi.

Dada hakusema neno. Alifungua kufuli, akaniletea kigoda nipande, akakishika kisiyumbe nikifunga waya kwenye kenchi. Kuku wake walikuwa wanapendeza, vilemba vyekundu, macho makali. Nilipomaliza alinikaangia mayai na kunisindikiza mpaka barabarani. Niliondoka nikiwaza kwamba bibi ndiye kikwazo hapa, ila dada yuko upande wangu. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini mtu mwenye mdomo kama wa dada alikaa kimya muda wote ule.

Sasa lazima niseme habari za Matongo, la sivyo mtatuona wendawazimu.

Kabla mgodi wa dhahabu haujatuhamisha, walikuja nyumbani watu wenye vifuko. Walikuwa wapole kupita kiasi. Walichota udongo uani kwetu, kijiko hapa, kijiko pale, wakaandika alama juu ya kila kifuko. Aliyewaleta ni baba mdogo, mdogo wake baba kabisa, na mama aliwapikia uji. Walisema wanaangalia tu. Baada ya hapo wakaja wengine wa kuhesabu: nyumba, miti, choo, chochote kilichosimama, ili mtu alipwe akatafute kwingine. Watu wa kwetu wana neno lao la mambo hayo, kutegesha. Ukisikia wahesabuji wanakuja, unategesha: unasimamisha chumba cha mabati haraka haraka, unachomeka miche ya miti imebanana kama nywele, ili wakifika wakute kitu cha kuandika. Kuna vyumba vilijengwa kule ambavyo havijawahi kulaliwa na mtu. Baba hakutegesha. Aliona ni aibu kudanganya. Akahesabiwa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa kidogo. Wakati huo mimi nilikuwa bado mdogo wa kuchezea tope, ila dada alikuwa msichana mkubwa, anaelewa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tuliumwa familia nzima.

Basi nikarudi Ringwani kukusanya. Vifuniko vilikuwa vimejaa vumbi zuri tu, nikakwangua, nikatia kwenye vichupa, nikaondoka. Majibu ya wafugaji wengine yakaja, huyu safi, huyu ana virusi, huyu arudiwe. Ya dada hayakuja. Badala yake nikapigiwa simu na mama mmoja wa maabara, mtu asiyependa maneno mengi.

"Hili vumbi halina kuku," akaniambia.

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema kuku waliochanjwa, vumbi lao huwa na alama ya chanjo, haikosi. Hili halina alama ya chanjo, halina ugonjwa, halina chochote cha kuku. Akaniuliza kama nina hakika nilitundika ndani ya banda au nilitundika kwenye mti. Nilikasirika, maana mimi si mzembe. Nilikuwa nimebakiza kifuniko kimoja sijakikwangua vizuri, nikakitoa nikakiangalia kwenye mwanga. Vumbi la kuku lina rangi ya kijivu na vipande vidogo vya manyoya, na lina harufu yake ambayo huwezi kuikosea. Hili lilikuwa jeupe jeupe, laini, halina unyoya hata mmoja. Nikalinusa. Ulezi. Lilikuwa vumbi la kihenge.

Jamani, nilikuwa moto. Mtu alikuwa ameingia bandani, ameteremsha vifuniko vyangu, amefuta vumbi la kuku, amepakaa la ulezi na kuvitundika tena. Na nani anayekaa kutwa na ulezi mapajani pale mjini? Sikuhitaji mganga. Hata hivyo, mimi nikianza kushuku siishii kwa mtu mmoja. Nilimshuku jirani wa upande wa juu, ambaye naye anafuga na huenda hataki dada aongeze. Nilimshuku mwenzangu wa kazi kwamba amebadilisha vichupa njiani. Usiku mmoja nilimshuku hata yule mama wa maabara. Lakini kila nikizunguka narudi kwa bibi.

Nikaamua kumtega. Na ili mtego ushike, nikaamua nisimwambie dada chochote, kwa sababu anachojua dada mchana bibi anakijua jioni. Nikaenda Ringwani na vifuniko vipya, nikasema vile vya mwanzo viliharibika. Nikavitundika kwa fundo la kufungia ndama, lile alilonifundisha baba, ambalo mtu akilifungua haraka hawezi kulirudisha vilevile. Kabla ya kuondoka nikamwambia dada jambo moja tu, kwamba asilete vifaranga mpaka nimwambie. Akauliza kwa nini. Nikamjibu asubiri tu. Alinitazama muda mrefu, ameshika ule ufunguo kifuani.

"Nani kakutuma useme hivyo?" akauliza.

Nikacheka. Nikamwambia hakuna aliyenituma, ni mimi mdogo wake. Wala hakucheka nami. Siku hiyo hakukaanga mayai, na mimi nikadhani kuku wamepunguza kutaga.

Niliporudi baada ya siku kadhaa, nilisikia kabla sijaona. Pii, pii, pii, sauti za vifaranga, wengi, kutoka nyuma ya jiko. Nikaegesha pikipiki bila hata kuondoa kofia. Ubavuni mwa banda la zamani palikuwa na banda jipya. Nguzo mbichi zilikuwa bado zinatoa utomvu, mabati yamegongwa ovyo, ukuta wa kati ni wavu mtupu. Upande mmoja kuku wakubwa wanajikung'uta, upande wa pili vifaranga wamekusanyika kuzunguka jiko la mkaa, na mwanga wa asubuhi unapita katikati yao umejaa vumbi. Majirani wawili wanawake walikuwa wamesimama pale wakiwasifia. Dada akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kugombana, kwamba amewanunua kwa mfanyabiashara mmoja wa ng'ambo ya Sirari, aliyemwambia hawa ni wa nguvu, chanjo wamepewa zote, hakuna stori. Mtu akiniambia hakuna stori, mimi huwa najua stori ipo. Lakini wakati huo sikuwa na nafasi ya kumshuku huyo.

Nikaingia bandani kuangalia mafundo yangu. Yote yalikuwa yamefunguliwa na kufungwa upya, fundo la kawaida la mtu asiye na haraka. Nikanusa kifuniko. Ulezi.

Nilitoka mle nikaenda moja kwa moja kwa bibi. Nasema ukweli, adabu yote ilinitoka. Nikamwambia yeye ndiye anayebadilisha vumbi, anayecheza na mali ya mwenzake kwa sababu hataki asimame kwa miguu yake. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako, dada analiwa na aliyemwoa. Nilisema hayo mbele ya wale majirani, kwa Kiswahili na kwa Kikurya, ili asije akasema hakuelewa lugha mojawapo. Bibi aliendelea kuchambua ulezi. Aliniacha nikaishiwa. Halafu akaweka ungo chini, taratibu.

"Mura," akasema, yaani kijana, "mimi humo sijawahi kuingia tangu kujengwa. Muulize anayevaa ufunguo."

Nikageuka. Dada alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, anafuta mikono kwenye kanga. Majirani wakakumbuka kwamba wameacha vyungu motoni. Nilitaka dada akatae. Nilikuwa tayari kuamini uongo wowote ambao angenipa, hata ule wa kitoto, hata angesema ni panya. Hakukataa.

Alisema aliyebadilisha ni yeye, mara zote mbili, na kwamba ningekuja mara ya tatu angebadilisha tena. Alisema siku ya kwanza aliponiona natoa vifuko kwenye begi, vile vyenye sehemu ya kuandika, alijua ni wale wale wa Matongo. Akasema watu wanaopima kuku hupima kuku. Wanaotaka vumbi la mtu wanataka kujua chini ya nyumba yake kuna nini, na vumbi la bandani linatoka kwenye sakafu ya bandani, na sakafu hiyo ni udongo wa Ringwani. Nikamwambia kwa nini hukuniuliza, mimi ni ndugu yako. Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika.

"Kwa baba waliletwa na nani? Si ndugu yake?" akasema. "Ungekuwa mgeni ningekuuliza."

Mimi ninayemshuku kila mtu, ninayekagua chenji mara mbili hata kanisani, sikuwahi hata siku moja kumshuku dada yangu. Na yeye alinishuku tangu nilipoteremka kwenye pikipiki, akanishikia kigoda nisianguke, akanikaangia mayai, huku ananishuku. Sijui niseme iliuma vipi. Iliuma kuliko kama angenipiga.

Nikamwuliza na hao vifaranga je, nilimwambia asilete. Akasema ndiyo, hilo ndilo lililomfungua macho. Niliposema asilete bila kutoa sababu, akajua tayari tumeshapata tulichokuwa tunatafuta, kama si kwake basi kwa jirani, na wahesabuji wako njiani, na mimi nimetumwa nihakikishe wanakuta banda tupu. Ndipo akakimbia Sirari kununua. Ndipo akalipa vijana kusimamisha banda la pili haraka, ubavuni mwa la kwanza ili aokoe mabati ya ukuta mmoja. Alikuwa ametegesha. Binti wa mtu aliyeona aibu kutegesha alikuwa ametegesha kwa vifaranga.

Niliapa. Niliapa kwa baba, kwa watoto wangu, kwa Biblia ya mama. Akaniambia baba mdogo naye aliapa. Mwishoni, nadhani kwa kuchoka tu, akakubali nichukue vumbi la kweli, kwa sharti kwamba asimame pale anaangalia, na lile nitakalokwangua tugawane. Nikakwangua kwenye wavu na juu ya kenchi, vumbi la kijivu lenye manyoya, nikatia langu kwenye kichupa. Lake alilifunga kwenye pindo la kanga. Akasema na yeye anajua watu wa kupima.

Jibu lilikuja upesi, kwa sababu yule mama wa maabara nilimsumbua mpaka akachoka. Alama ya chanjo ipo, hao kuku wakubwa walichanjwa vizuri. Na virusi vya kupooza vipo, vingi mno. Akaniuliza kama mwenye banda ana mpango wa kuingiza vifaranga. Nikamwambia ameshaingiza. Akasema niwatoe leo hii hii, niwapeleke mbali na banda hilo, huenda wengine wakapona kama kweli walichanjwa.

Nikaenda Ringwani bila kula. Nikamkuta dada anawapa vifaranga maji, wamekua, wameanza kuota manyoya ya mabawa, wanamfuata miguuni. Alikuwa anawapenda, hilo halikuwa la kutegesha. Nikamweleza kila kitu, polepole, kama ninavyowaeleza wageni. Nikamwambia awahamishie kwenye kibanda cha mbuzi ng'ambo ya uwanja, na bibi, ambaye nilikuwa nimekwisha kumwomba radhi na hakunijibu, alisema kutoka alipokaa kwamba mbuzi wanaweza kulala jikoni kwake. Hiyo kutoka kwa bibi ilikuwa zawadi kubwa. Lakini dada alikwisha kukaza uso. Mtu wa Matongo ukimwambia ahame, hata kama ni kwa ajili ya kuku, hakusikii tena. Akaniuliza, banda likibaki tupu, halafu? Nikasema halafu tunalisafisha, tunapuliza dawa, tunaliacha lipumzike. Akatikisa kichwa, akanionea huruma, nadhani, jinsi ninavyodanganya vibaya.

"Wazima hawa," akasema. "Unaona mwenyewe."

Na kweli walikuwa wazima. Ugonjwa huo hauna haraka. Nilirudi mara nyingine mbili, nikiwa na afisa mifugo wa kata, ili asikie kwa mtu mwingine. Huyo naye akapewa kiti, akapewa chai, akasikilizwa, akashukiwa. Siwezi kusema dada ni mjinga. Alikuwa anafuata alichokiona kwa macho yake, na mimi nilikuwa namwomba aamini kitu kisichoonekana.

Wiki zikapita. Siku moja simu yangu ikaita, namba ya jirani, lakini aliyezungumza ni bibi, ambaye hajawahi kunipigia maishani. Alisema tu nije, nije na mafuta ya taa.

Harufu niliipata kwenye uchochoro. Nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha ukuta, dada alikuwa ametandika magunia, na juu ya magunia amewalaza vifaranga waliokufa, safu kwa safu, vichwa upande mmoja. Walikuwa wamekua kiasi cha kutosha mkono. Wa mwanzo walikwisha kuanza kukauka, wa siku hiyo miguu bado ilikuwa imenyooka, mmoja mbele, mmoja nyuma. Ndani ya banda jipya waliobaki walikuwa wanajiburuta kwa mabawa kuelekea kwenye chombo cha maji. Upande wa pili wa wavu, kuku wakubwa wanadonoa pumba kama kawaida. Dada alikuwa amekaa chini karibu na magunia, ana tawi la mpera mkononi, anafukuza nzi.

Bibi alikuwa amesimama mbali kidogo, na kiberiti. Akaniambia ni siku kadhaa sasa anataka kuwachoma na mwenzake hataki, na upepo unapeleka manyoya kwa majirani. Hakusema lile la zizi. Nilimsubiri aseme, kwa sababu alikuwa ameahidi, na hakulisema.

Nikamsogelea dada nikamwambia lazima wachomwe, leo, manyoya yao ndiyo yanayobeba ugonjwa. Hakuinua kichwa.

"Wakishahesabiwa," akasema. "Hata aliyekufa anahesabiwa, mradi aonekane."

Nikamwambia hakuna anayekuja kuhesabu. Nikasema dada, hakuna dhahabu hapa, hakuna mgodi unaokuja, hakuna mtu yeyote duniani anayejua kwamba hawa vifaranga walikuwepo isipokuwa sisi. Nilisema hivyo kumtuliza, na nilipoisikia sauti yangu nikaona nimesema jambo baya kuliko yote niliyowahi kumwambia. Alimtazama yule wa mwisho kwenye safu, akamweka mguu vizuri. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Basi nikaweka dumu la mafuta chini. Nikatoa kalamu na karatasi kwenye begi, nikachuchumaa kwenye kona ya gunia la kwanza, nikaanza kuhesabu. Nilihesabu kwa sauti, kwa Kikurya, nikimgusa kila mmoja kwa ncha ya kalamu kama walivyogusa wale watu miti ya baba. Dada aliacha kufukuza nzi. Akawa anafuata kalamu kwa macho, safu ya kwanza, safu ya pili, mpaka gunia la mwisho. Nilipofika mwisho nikaandika idadi, nikamwonyesha. Aliisoma, akanitazama usoni kwa yale macho yake ya kunipima, kisha akainua upindo wa gunia lililo karibu na goti lake.

"Umemruka huyu," akasema. "Anza upya."

Nikaanza upya.